Sheria hufuata makazi, haifuati pasipoti: kulinganisha nchi kwa familia ya Tanga inayotaka kusomesha mtoto nyumbani

Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, na siku hizi wajao na waondokao wana watoto wa umri wa shule. Wapo mafundi wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga. Wapo watu wa bandari na mabaharia. Wapo waliooa au kuolewa Mombasa, Durban, Leicester na Hamburg, wanaokaa huko miaka miwili kisha wanarudi Chumbageni au Makorora. Familia za namna hii ndizo zinazouliza sana kama inawezekana kumsomesha mtoto nyumbani, ili asibadilishe shule na lugha kila mara mzazi anapobadilishiwa kituo cha kazi.

Inawezekana katika nchi nyingi. Kosa ambalo familia hulifanya ni kudhani kwamba ruhusa inakwenda na uraia. Mjerumani anayeishi Raskazone, Tanga, hafungwi na sheria ya shule ya Ujerumani, na Mtanzania anayeishi Hamburg haponi kwa sababu ni Mtanzania. Kinachoangaliwa ni mahali mtoto anapoishi.

Tuelewane pia kuhusu neno lenyewe. Kusomesha nyumbani hapa ni mtoto asiyeandikishwa shule yoyote, ambaye mzazi au mwalimu aliyeajiriwa na mzazi ndiye anayembebea masomo yote. Tuisheni ya jioni haimo. Chuo cha alasiri hakimo. Mtoto aliyelazwa hospitali ya Bombo miezi mitatu, jina lake likiwa bado kwenye daftari la darasa, naye hayumo.

Inalazimishwa shule, au inalazimishwa elimu?

Kabla ya kusoma kifungu kingine chochote cha sheria ya nchi unayokwenda, tafuta hili. Zipo nchi zinazomlazimisha mtoto kupata elimu, mahali popote. Denmark ni mfano safi: wajibu ni wa kufundishwa, na mzazi akitaka kuufanya mwenyewe anaitaarifu manispaa, nayo inamfuatilia. Finland na Norway zinafanana nayo. Zipo nchi nyingine zinazomlazimisha mtoto kuhudhuria shule, na hapo nyumba haiwezi kuwa badala yake hata mzazi angekuwa profesa. Ujerumani ndiyo inayojulikana zaidi.

Kundi la tatu ndilo letu. Sheria inasema shule, na nyumba haiitaji kabisa, si kuikubali wala kuikataza. Wazazi wengi husoma ukimya huo kama ruhusa. Sisi hatuusomi hivyo, na sababu tutazieleza.

| Mahali | Kabla ya kuanza | Anayekukagua | Mtihani wa kutokea |
|---|---|---|---|
| Tanzania | Hakuna utaratibu. Mtoto anatakiwa kuandikishwa shule | Uongozi wa mtaa na kata, kama suala la utoro | QT (mtihani wa maarifa), kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea |
| Kenya | Hakuna utaratibu. Adhabu ya kutompeleka mtoto shule imeandikwa | Chifu na ofisi ya elimu | KCSE binafsi, au mtihani wa nje |
| Afrika Kusini | Maombi ya usajili kwa mkuu wa idara ya elimu ya jimbo | Mpimaji mwenye sifa, unamlipa mwenyewe | Matric kupitia mtoa elimu ya masafa |
| England | Barua kwa mwalimu mkuu, kama alikuwa shuleni | Halmashauri ya mji au wilaya | GCSE au IGCSE, kwa gharama yako |
| Ufaransa | Ombi la kibali, Machi 1 hadi Mei 31 | Wakaguzi wa elimu, kila mwaka | Baccalauréat kama mtahiniwa binafsi |
| Ujerumani | Hairuhusiwi | | |
| Texas | Hakuna taarifa wala usajili | Hakuna | Cheti hutolewa na mzazi |
| New York | Barua ya nia kila mwaka | Wilaya ya elimu, ripoti nne kwa mwaka | Mtihani uchaguao mwenyewe |

Jedwali linaonyesha mlango wa kuingilia. Taabu zenyewe hukaa ndani ya nyumba, na hazilingani.

Nyumbani: Tanzania

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyefikia umri wa kuanza shule aandikishwe, na mzazi wa mtoto aliyeandikishwa ahakikishe anahudhuria mpaka amalize elimu ya msingi. Mzazi anayekwenda kinyume anatenda kosa. Mwaka 2002 zikatungwa kanuni maalumu za uandikishaji na mahudhurio. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeurefusha wajibu huo: miaka 10 ya lazima, 6 ya msingi na 4 ya sekondari ya chini. Kwa hiyo hesabu ya zamani, kwamba mtoto akishamaliza msingi serikali imemaliza naye, inaondoka.

Hakuna fomu ya kuomba kumsomesha mtoto nyumbani. Ukienda ofisi ya elimu ya halmashauri kuiomba, hakuna atakayekupa kwa sababu haipo. Hili ndilo linaloitofautisha Tanzania na Afrika Kusini au Ufaransa: kule unaweza kukataliwa, lakini ukikubaliwa una karatasi mkononi. Hapa huna karatasi. Siku mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata anapogonga mlango kwa sababu jirani amesema kuna mtoto wa miaka tisa anaonekana barazani saa nne asubuhi, huna cha kumwonyesha isipokuwa madaftari. Madaftari yanasaidia mazungumzo, lakini hayaondoi kosa.

Kuna mambo matatu zaidi yanayowaangusha wazazi wa hapa.

La kwanza ni shule ya mtandaoni. Mzazi anamwandikisha mtoto kwenye shule ya nje, analipa ada, anapata risiti na ratiba, anaona amemaliza. Lakini shule inayotambulika nchini ni ile iliyosajiliwa na Kamishna wa Elimu. Shule ya mtandaoni yenye ofisi London inaweza kuwa na masomo mazuri sana na bado mtoto akahesabika kuwa hayuko shule.

La pili ni kukusanya watoto. Mama mwenye kipaji anaanza na wake wawili, majirani wanamletea wanne, mwezi wa tatu wako kumi na wamewekewa ubao. Hapo hasomeshi tena nyumbani. Anaendesha shule isiyosajiliwa, na hilo ni kosa linalojitegemea, zito kuliko la mzazi aliyekaa na mtoto wake.

La tatu, nalo ndilo linaloumiza mtoto mwenyewe, ni mtihani. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa na watoto waliosajiliwa kupitia shule. Mwanafunzi wa shule ana namba yake ya PREM, ambayo ndiyo inayobeba kumbukumbu zake na uhamisho wake kutoka shule moja hadi nyingine. Mtoto wa nyumbani hana namba hiyo. Baadaye kuna njia ya QT, yaani mtihani wa maarifa wa NECTA, unaomwezesha asiyesoma sekondari darasani kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni njia halali na imewatoa watu wengi. Lakini ilitengenezwa kwa mtu aliyekwishamaliza elimu ya msingi. Ukimtoa mtoto darasa la tatu ukamweka nyumbani, umevunja ngazi ya chini na kumwambia apande ya pili. Na mtahiniwa wa kujitegemea hana alama za maendeleo za shuleni za kumchangia. Anasimama na karatasi ya siku ile tu.

Wapo watakaotaja MEMKWA. Mpango huo ni wa watoto waliokosa shule au walioiacha, ili warudishwe kwenye mstari. Kumtoa mtoto shule kwa makusudi ukitegemea MEMKWA baadaye ni kuchukua nafasi ya mtoto aliyekosa kweli.

Kwa hiyo kwa familia ya Kitanzania iliyotulia Tanga, ushauri wetu ni kwamba jina la mtoto libaki shuleni. Kama darasa lina watoto wengi mno na unaona hasomi, mfundishe alasiri na Jumamosi. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomwa bure kwenye maktaba yake ya mtandao, na saa moja na nusu kila siku, mtu na mtoto wake, kwa kitabu kilekile anachokitumia mwalimu wake, huziba mapengo mengi. Kama tatizo ni shule yenyewe, uhamisho kupitia PREM ni kazi ya siku chache, si ya kumvunjia mtoto njia.

Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro

Watu wa Tanga huiona Mombasa kama mtaa wa mbele, na wengine hufikiri sheria yake ni laini zaidi kwa sababu familia zinazosomesha nyumbani Kenya zinaonekana na zinafahamiana. Kilichoandikwa hakisemi hivyo. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inampa mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule na kuhakikisha anahudhuria. Adhabu imetajwa waziwazi: faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nyumba haitajwi.

Tofauti kubwa na Tanzania iko kwenye mtaala. Katika mfumo mpya wa Kenya, nafasi ya kuingia sekondari ya juu hupatikana kwa kujumlisha: mtihani wa KPSEA wa gredi ya 6 asilimia 20, upimaji wa shuleni wa gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa gredi ya 9 asilimia 60. Upimaji wa shuleni unaingizwa na shule. Mtoto wa nyumbani anayeutaka mfumo wa taifa anakosa kipande hicho, na ndiyo maana familia nyingi za Kenya zinazosomesha nyumbani hukimbilia mitaala ya nje na mtihani wa Cambridge. Ukienda Mombasa kwa nia ya kurudi Tanga, mfumo wa taifa wa Kenya ndani ya shule ni rahisi kuliko mfumo wowote nje ya shule.

Afrika Kusini: ruhusa yenye karatasi

Kwa Afrika, hapa ndipo mzazi anapopata utaratibu ulioandikwa mwanzo hadi mwisho. Sheria ya Shule ya mwaka 1996, kifungu cha 51, ilifungua mlango wa usajili wa elimu ya nyumbani. Sheria ya marekebisho, inayojulikana kwa jina la BELA, ilisainiwa na Rais Cyril Ramaphosa Septemba 13, 2024 na kuanza kutumika Desemba 24 mwaka huohuo. Imekaza nati. Gredi R, mwaka ule wa kabla ya darasa la kwanza, sasa ni wa lazima. Mzazi lazima aombe usajili kwa mkuu wa idara ya elimu ya jimbo, aeleze atafundisha nini, na ampeleke mtoto kwa mpimaji mwenye sifa kwa gharama zake mwenyewe, kisha ripoti iende idarani. Mzazi asiyempeleka mtoto shule bila sababu ya haki, na asiye na usajili wa nyumbani, anaweza kufungwa hadi miezi 12, ambapo zamani ilikuwa 6.

Kinachoharibika hapa mara nyingi ni mpangilio wa hatua. Mzazi anamtoa mtoto shule kwanza, kisha anaanza kuomba. Fanya kinyume: omba, pata barua, ndipo umtoe. Na ukifika gredi ya 10 kazi inabadilika. Matric, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, haifanywi hivihivi kutoka mezani kwako. Mtoto husajiliwa na mtoa elimu ya masafa aliye chini ya chombo cha mitihani kinachotambulika, kama SACAI, na alama za kazi za miaka hiyo zinakusanywa na kutunzwa. Anayeshtuka gredi ya 12 amechelewa.

England, mlango mpana na gharama nyuma yake

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya 1996 kinamtaka mzazi ampatie mtoto elimu yenye kufaa, ya muda wote, inayolingana na umri, uwezo, kipawa na mahitaji yake maalumu, kwa kuhudhuria shule "au vinginevyo". Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyobeba elimu yote ya nyumbani ya nchi ile. Huhitaji kuwa mwalimu. Hufungwi na mtaala wa taifa. Hakuna saa zilizowekwa wala mtihani wa lazima.

Kumtoa mtoto shule ya kawaida ni barua kwa mwalimu mkuu ikisema kwamba kuanzia tarehe fulani elimu yake itakuwa nyumbani. Shule inafuta jina na kuitaarifu halmashauri. Mtoto aliye shule ya mahitaji maalumu kwa mpango wa halmashauri ni tofauti. Hapo ridhaa inahitajika. Na usichanganye England na Scotland: huko, kumtoa mtoto shule ya serikali kunahitaji ridhaa ya mamlaka ya elimu ya eneo.

Baada ya barua, halmashauri huandika kuuliza unafundisha nini. Wapo wazazi wanaoambiwa na wenzao wasijibu kwa sababu sheria haiwalazimishi. Ni ushauri mbaya, hasa kwa mgeni. Halmashauri isiporidhika hutoa notisi chini ya kifungu cha 437, yenye siku zisizopungua 15 za kuiridhisha, na baada ya hapo huja amri ya kumpeleka mtoto shule iliyotajwa. Kuivunja amri hiyo ni kosa la jinai. Jibu barua ya kwanza kwa kurasa mbili au tatu: masomo, vitabu, ratiba ya wiki, mifano ya kazi yenye tarehe, na mahali mtoto anapokutana na watoto wenzake. Mwelekeo ni wa kukaza pia: muswada uliopelekwa bungeni Desemba 2024 ulibeba daftari la lazima la watoto wasio shuleni.

Gharama inajificha kwenye mtihani. Serikali hailipii GCSE ya mtoto wa nyumbani. Mzazi hutafuta kituo kinachopokea watahiniwa wa nje na hulipa somo kwa somo. Masomo yenye kazi ya kupimwa shuleni ni magumu kuyapata, kwa hiyo wengi huchukua IGCSE, toleo la kimataifa la mtihani huo. Kwa Fizikia ya Cambridge, mathalani, mtoto asiye na maabara huandikishwa karatasi ya 6, ile mbadala wa vitendo, badala ya karatasi ya 5. Kosea hapo wakati wa kujisajili na mtoto atapangiwa maabara ambayo hajawahi kuigusa. Kwa anayerudi Tanzania IGCSE ina faida nyingine: ni cheti chenye chombo cha mitihani nyuma yake, na NECTA hufanya ulinganifu wa vyeti vya namna hiyo.

Ufaransa: kibali chenye sababu nne

Tangu sheria ya Jules Ferry ya Machi 28, 1882, Ufaransa ililazimisha elimu, na familia iliweza kuitoa nyumbani kwa kutoa taarifa tu. Sheria ya Agosti 24, 2021 ikageuza taarifa kuwa kibali, kuanzia mwaka wa masomo wa Septemba 2022. Umri wa lazima ni miaka 3 hadi 16, kwa hiyo hata mtoto wa chekechea anaingia.

Sababu zinazokubalika ni nne: afya au ulemavu wa mtoto, michezo au sanaa kwa kiwango cha juu, familia inayohamahama ndani ya Ufaransa au kukaa mbali na shule, na hali ya pekee ya mtoto inayohitaji mpango wake wa elimu. Wageni hukimbilia ya nne kwa sababu inaonekana pana. Ndiyo iliyo nyembamba kuliko zote. Anayefundisha anatakiwa kuwa na cheti cha ngazi ya baccalauréat au kinacholingana nacho, na familia inaahidi kwamba sehemu kubwa ya mafundisho itakuwa kwa Kifaransa. Mama aliyesoma Tanga, mwenye kidato cha sita na Kiingereza kizuri lakini Kifaransa cha sokoni, atakwama hapo.

Maombi hupokelewa Machi 1 hadi Mei 31 kwa mwaka unaoanza Septemba. Nje ya dirisha hilo ni kwa sababu zilizojitokeza baadaye, kama ugonjwa. Wakaguzi huja kila mwaka, na wasiporidhika mara mbili familia huamriwa kumwandikisha mtoto shule ndani ya siku 15. Anayekaidi anakabili hadi miezi 6 jela na faini ya euro 7,500. Kwa familia inayofika Paris Julai na mizigo, jibu ni moja: mwaka wa kwanza mtoto aende shule.

Ujerumani, Sweden, Hispania

Wajerumani ndio waliofungua shule ya serikali hapa Tanga katika miaka ya 1890, na nchi yao mpaka leo inaamini shule kuliko nchi nyingi duniani. Katiba ya Weimar ya 1919 iliweka wajibu wa shule, sheria ya 1938 ikaukaza, na leo kila jimbo lina sheria yake, zote zikidai mahudhurio. Mzazi hupigwa faini, nazo hurudiwa. Hesse imeandika hata kifungo cha hadi miezi 6. Mahakama ya familia inaweza kumwondolea mzazi sehemu ya haki ya malezi.

Wazazi walipeleka hoja ya imani yao Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 2006 shauri lilikataliwa: mahakama iliona nchi ina haki ya kutaka watoto wakue pamoja na wenzao wa mawazo tofauti. Mwaka 2019 familia nyingine, ambayo watoto wake wanne walichukuliwa kwa wiki tatu mwaka 2013, nayo ilishindwa. Kwa hiyo hoja ya Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 26, kwamba mzazi ana haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu, usiitegemee huko. Hata Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, unaolinda uchaguzi wa mzazi, unazungumzia kuchagua shule nyingine zisizo za serikali.

Sweden ilifunga mlango kwa sheria ya shule iliyoanza kutumika Julai 2011: ni kwa mazingira ya pekee sana, na imani ya dini si mojawapo. Baadhi ya familia zilihamia Åland, visiwa vya Finland ambako lugha ni Kiswidi na nyumba inaruhusiwa. Hispania, mahakama ya katiba ilisema Desemba 2010 kwamba katiba haimpi mzazi haki hiyo. Ukipata kazi katika nchi hizi tatu, usibishane na sheria; tafuta shule.

Marekani ni nchi hamsini

Majimbo yote 50 yanaruhusu, lakini neno "Marekani" halikusaidii kuchagua. Texas, baada ya uamuzi wa mahakama yake kuu wa 1994, nyumba huhesabiwa kama shule binafsi: hakuna taarifa, hakuna ukaguzi, mradi masomo ni ya kweli na yamo kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. New York ni kinyume. Barua ya nia hupelekwa kabla ya Julai 1, au ndani ya siku 14 ukihamia katikati ya mwaka. Kisha mpango wa masomo wa mtoto mmoja mmoja, ripoti nne kwa mwaka, saa 900 kwa darasa la 1 hadi la 6 na 990 kwa la 7 hadi la 12, na tathmini kila mwisho wa mwaka.

Kwa anayetaka kurudi Tanzania, ajabu ni kwamba New York inamfaa zaidi. Uhuru wa Texas unaishia na cheti alichokitia saini mzazi, na cheti hicho hakina chombo cha mitihani cha kulinganishiwa. Ripoti za New York, zinazopelekwa wilaya ya elimu, angalau zinaonyesha mtoto alikuwa darasa gani na alisoma nini. Ukiwa Texas, mwandikishe mtihani wa nje mapema.

Wageni walioko Tanga

Familia ya kigeni yenye kibali cha ukaazi nchini nayo inaishi chini ya sheria ya hapa. Nyingi husomesha nyumbani kwa mtaala wa kwao na haziguswi, lakini kutoguswa si kinga. Zinazofanya vizuri huweka mezani vitu vitatu: uthibitisho wa kuandikishwa kwenye mtoa masomo anayetambulika kwao, kumbukumbu za mahudhurio ya kila siku, na tarehe ya kuondoka nchini. Na zisichukue watoto wa majirani hata kwa wema.

Ukiondoka na ukirudi

Usiondoke Tanga bila cheti cha kuzaliwa cha RITA, ripoti za miaka miwili ya mwisho, barua ya shule yenye namba ya PREM, na nakala za vyote hivyo kwenye simu. Usimtoe mtoto kwa kuacha tu kuhudhuria. Jina linaloandikwa mtoro linasumbua uhamisho wa baadaye.

Ukiwa huko, mpe mtoto dakika 40 za Kiswahili cha kuandika kila siku, insha na ufupisho, si mazungumzo ya jikoni peke yake. Watoto wanaorudi na hisabati nzuri huanguka kwenye Kiswahili na masomo ya maadili na ya jamii ya Tanzania, kwa sababu masomo hayo hayakaririki kwa mwezi mmoja. Tunza kazi moja ya kila somo kila wiki, yenye tarehe. Ofisi ya elimu ya halmashauri na mwalimu mkuu watampima kabla ya kumpangia darasa, na bahasha yenye kazi za miaka miwili huwasaidia wasimrudishe nyuma kwa tahadhari tu.

Chagua mwezi wa kurudi kama unavyochagua nchi. Muhula huanza Januari, na mtihani wa darasa la saba, kwa watoto ambao bado hawajafikiwa na msingi wa miaka 6, ni Septemba, lakini usajili wake hufungwa miezi mingi kabla. Mtoto wa darasa la saba anayeshuka basi Tanga mwezi wa Julai atasubiri mwaka mzima. Akishuka Desemba, atafanya na wenzake.